Anti, mtoto tumwite Dhulkifli au watamgeuza Kufuli?

SWALI

Shikamoo anti. Nakusoma siku nyingi ila leo ndo nimepata ujasiri wa kuandika. Nina mimba ya miezi saba, kipimo kimeonyesha ni wa kiume, na mume wangu keshaamua mtoto ataitwa Dhulkifli. Yeye kwao Pangani, mi kwetu Mwanza na nilisilimu wakati wa ndoa, mama yangu bado ni Mkatoliki. Jina lenyewe mume kalitoa Malaysia alikosoma, mwalimu wake mmoja alikuwa anaitwa hivo na anadai kule ni jina la kawaida tu ka huku Juma. Mi sina ugomvi maana nimeambiwa ni la mtume, ila anti sijawahi kukutana na mtu hata mmoja mwenye hilo jina, nimeuliza kazini hakuna, mawifi zangu wenyewe wanasema kwenye ukoo wao halijawahi kutokea. Mama akijaribu anasema Zulikifuli, wadogo zangu wameshaanza kumwita Kufuli na wala hajazaliwa, nesi wa kliniki nilivomtajia akacheka akaandika pembeni ya kadi kwa penseli "Zulu". Sa nauliza, hili jina lina watu kweli au mume ananidanganya? Linatamkwaje hasa? Na shuleni si ndo atateswa?

Mama kijacho, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nianze na mumeo maana naona ushamweka kizimbani. Hajakudanganya. Kule Malaysia na Indonesia hilo jina limejaa, ila wao wanaliandika Zulkifli, na wengine Dzulkifli, na wengine kwa namna wanayoijua wenyewe. Waziri wa afya wa Malaysia kuanzia 2018 hadi 2020, ambaye alirudishwa tena wizara hiyo hiyo Desemba 2023, anaitwa Dzulkefly Ahmad. Aliyekuwa mufti wa Kuala Lumpur na yale maeneo ya shirikisho, ambaye 2020 aliingia serikalini kuwa waziri wa mambo ya dini, ni Zulkifli Mohamad Al-Bakri. Ukivuka bahari ukaenda Indonesia unamkuta Zulkifli Hasan, mwenyekiti wa chama cha PAN, alikuwa spika wa bunge lao la MPR toka 2014 mpaka 2019, na wananchi wamemkatia jina wanamwita Zulhas. Hao ni wa kwenye magazeti tu, bado hujaingia sokoni wala msikitini ambako wanaitana Zul na biashara inaendelea. Kwahiyo mwalimu wa mumeo hakuwa mtu wa ajabu hata kidogo.

Huku kwetu ndo jina halikukaa, na mi nina maelezo yangu. RITA wanatoa cheti cha kuzaliwa, hawatoi orodha ya majina yanayovuma mwaka huu kama wafanyavyo Waingereza na Wamarekani, kwahiyo hapa sina namba ya kukupa, ila macho tunayo. Chuoni, yaani madrasa, wengi wetu tumekariri mitume 25 wa kwenye Quran na Dhulkifli yumo ndani, sasa hebu wahesabu mitaani: Ibrahimu, Ismaili, Yusufu, Musa, Haruni, Ayubu, Yunusi, Zakaria, Yahya wapo tele, Idrisa tulikuwa naye hadi rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil 1985 mpaka 1990, hata Shuaibu na Ilyasa huku pwani hukosi. Afu njoo kwa Hudi, Luti, Alyasaa na Dhulkifli, utatembea mpaka kiatu kiishe. Kwani hao si mitume? Mitume, ila watu hawampi mtoto jina kwa kusoma orodha, wanampa kwa kisa walichosimuliwa au kwa babu aliyekufa juzi. Yusufu ana sura nzima peke yake, aya 111, kisima na ndugu na ndoto na mke wa mheshimiwa, nani hamjui Yusufu. Dhulkifli katajwa mara mbili tu, Surat Al-Anbiyaa aya ya 85 na Surat Saad aya ya 48, na mara zote mbili yupo kwenye mstari na wenzake, kasifiwa kwa subira na wema basi, aya imepita. Hakuna kisa. Na kwa sababu hakukuwa na babu Dhulkifli basi hakuna mjukuu Dhulkifli, mnyororo haujawahi kuanza. Wenzetu wa Malaysia wao wamependa mlio wenyewe, wana Zulkarnain, wana Zulfikar, wana Zulhilmi, wana Zulfadli, ukishakuwa na kaka yako Zul na jirani Zul basi Zulkifli anaingia bila hodi.

Kisa kipo ila kipo kwenye tafsiri si kwenye Quran yenyewe, na mi nakipenda hichi kwahiyo univumilie. Wafasiri wa zamani akina Tabari na Ibn Kathir wamepokea kwamba Alyasaa alipozeeka akataka mtu wa kumwachia watu wake, akauliza nani atanichukulia mambo matatu, afunge mchana, asimame usiku kuswali, na asikasirike. Akainuka mtu mmoja ambaye wala watu hawakuwa wanamhesabu, akasema mimi. Alyasaa akamrudisha. Kesho akauliza tena, watu kimya, akainuka yule yule. Akapewa. Sasa Iblisi akaona huyu lazima nimkasirishe, na akajua pa kumpatia, maana mtu huyo usiku halali, kausingizi kake ni kale ka mchana tu kidogo. Akaja kwa sura ya kizee fukara, akagonga mlango saa ile ile jamaa ndo anaegesha kichwa, nina kesi na watu wangu, wamenidhulumu, wamenifanya hivi na hivi, akasimulia mpaka muda wa kulala ukaisha. Akaambiwa njoo barazani jioni nikutolee haki yako. Jioni hakutokea. Kesho mchana, saa ya kulala, ngo ngo ngo, kizee yule yule na kesi ile ile. Siku ya tatu jamaa usingizi umemlemea kweli kweli akamwambia mtu wa mlangoni leo usimruhusu yeyote, Iblisi akapenya kwenye kitundu cha nyumba akaingia ndani akaanza kugonga mlango akiwa ndani. Yule bwana akaamka, akatazama mlango umefungwa vile vile na mzee yumo chumbani, ndo akamjua ni nani. Na hakukasirika. We mtu kakunyima usingizi siku tatu mfululizo na hukasiriki! Wanawake tunaonyonyesha tungepewa utume wote.

Jina lenyewe kwenye kisa hicho linatokana na kule kudhamini, kwamba alijifunga kufanya jambo na akalifanya. Mzizi huo huo unao mdomoni bila kujua, waulize dada zetu waliokwenda kufanya kazi Omani na Saudia, neno la kwanza wanalojifunza ni kafili, yule tajiri anayekudhamini na mwenye nguvu juu ya kibali chako. Wengine wamerudi hawataki hata kulisikia, ila kafili wa pasipoti mambo yake mengine kabisa, jina la mtume msilitie kwenye hesabu hiyo.

Wanazuoni hawajakubaliana alikuwa nani hasa. Wengine wanasema mtume kwa kuwa katajwa kati ya mitume, na Ibn Kathir yuko upande huo, wengine wanasema alikuwa mtu mwema tu na mwamuzi wa haki, wengine wanamfanya mtoto wa Ayubu. Na kuna wanaosema ni yule Ezekieli wa kwenye Biblia. Hilo la mwisho mpelekee mama yako, mwambie kule Iraki kuna mji unaitwa Al-Kifl, njiani kati ya Hilla na Najaf, una kaburi ambalo Waislamu wanasema la Dhulkifli na Wayahudi kwa karne na karne walikuwa wanakwenda kulizuru wakisema la Ezekieli, na maandishi ya Kiebrania bado yapo ukutani ndani humo. Bibi wa Kikatoliki akiamua kumwita mjukuu Ezekieli akiwa kwake Mwanza mi sioni pa kugombana, mradi kwenye karatasi liwe moja.

Haya, matamshi, maana hapa ndo penye shida yako yote na dawa yake. Jina lina vipande vitatu, Dhul, ki, fli. Dh ni ile ile ya dhahabu, dhambi, fedha, ncha ya ulimi inachungulia katikati ya meno na sauti inatetema. Ukisema feza na zahabu utasema Zulkifli, na hiyo siyo dhambi wala zambi. Lugha nyingi za bara hazina hiyo dh, Kisukuma hakina, Kiajemi na Kiurdu wameigeuza z tangu enzi, Waturuki nao wanasema Zülkifl, na Wamalaysia wanasema z mpaka kwenye mwezi wa hija, Zulhijjah, ambao sisi wa pwani wala hatukuhangaika nao tunauita Mfungo Tatu. Kwahiyo mama yako akianza na z yuko pamoja na mufti wa Kuala Lumpur. Usimsahihishe kwenye z, mwache mzazi wako apumue.

Ila msahihishe kwenye kitu kingine. Sisi Waswahili mkazo wa neno tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikirii, unatoka wenyewe. Ukisema Dhul-ki-fli mkazo unakaa kwenye KI, dhulKIfli, na Mwarabu naye anapanda hapo hapo, safi kabisa. Sasa mama anaona lk na fl zinamkwama anachomeka vijivokali, Zu-li-ki-fu-li, jina limekuwa la silabi tano, na mkazo wenyewe umehama umekwenda kukaa kwenye FU. ZulikiFUli. Hapo ndipo kufuli linapozaliwa! Jina halina ubaya wowote, ni ile u ya katikati iliyochomekwa ndo inamfungulia kila mtani mlango, na we unajua mtaani kufuli lina maana yake nyingine ambayo humu hatuiandiki. Kwahiyo usikazane kumfundisha mama dh, mfundishe KI. Mwambie aseme kifli peke yake kwanza, fupi, ka mtu anayepuliza mshumaa mwishoni, fli. Ile l ya katikati akitia i kidogo, Zulikifli, haina neno, mkazo bado uko kwenye KI pale pale. Tatizo ni ile u. Wadogo zako nao wakikosa FU watakosa Kufuli, wajaribu waone.

Jambo la kujiandaa nalo, mtoto akianza chuo siku atakayofika kwenye hizo aya mbili atarudi nyumbani analalamika jina langu limeandikwa vingine. Ni kweli, kwenye msahafu sehemu zote mbili linasomwa Dhalkifli, siyo Dhulkifli, ni mambo ya sarufi ya Kiarabu, neno likikaa mahali pale linabadilika irabu. Ustadhi wake atamweleza, we usiende kubadilisha cheti.

Sasa jina la kufupisha. Hili mchague nyinyi mapema kabla mtaa haujachagua. Zul ni zuri, fupi, linaitika ukiwa jikoni. Kifli mi nalipenda, ukienda Hungary ni mkate uliokunjwa ka mwezi mchanga ila Mwanza hakuna Mhungaria wa kukusumbua. Zulu la nesi lifute, si kwa ubaya ila mtoto ataulizwa kila siku kama baba yake katoka Afrika Kusini. Na kuna moja nakukataza kabisa, usimwite Dhuli. Naona wengi wangekimbilia hapo maana linatamkika vizuri, lakini kwa anayejua Kiarabu dhuli ni udhalili, ndo huko tulikotoa dhalili na dhila. Mtoto wa watu unamwita udhalili kila asubuhi ukimpa chai, hapana.

Kuhusu kuteswa shuleni, mwanangu, watoto wa shule hawana jina wanaloliogopa. Nimesikia Hamisi akifanyiwa wimbo, itakuwa Dhulkifli. Kinachomtesa mtoto mara nyingi ni pale yeye mwenyewe hajui kulisema jina lake kwa sauti, mwalimu kalikosea, na yeye kanyamaza. Afike darasa la kwanza anajua kulitaja, anajua kuliandika, na anajua kile kisa cha kizee cha mlangoni, watoto wenzake watakidai kila siku.

Karatasi sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kaeni na mumeo mchague tahajia moja leo, Dhulkifli au Zulkifli, mi kura yangu ni Dhulkifli kwa kuwa ndivyo Kiswahili sanifu kinavyoandika na lina herufi 9 tu sawasawa na Ramadhani, lisikutishe. Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi, kiweke kwenye ule mfuko wa kwenda kujifungulia pamoja na khanga. Maana yule anayejaza tangazo la kizazi anaandika anachosikia, na we umechoka, na baba kaenda kutafuta supu, unakuja kushtuka mtoto ni Zurukifuri. Siku hizi watoto wa chini ya miaka 5 mikoa mingi wanasajiliwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata na cheti cha kwanza hakilipiwi, ni kitu kizuri sana ila soma kilichoandikwa kabla hujaondoka dirishani, herufi kwa herufi, mbele yake, bila aibu. Kadi ya kliniki, cheti, fomu ya chekechea, baadae mtihani wa kumaliza shule ya msingi na wa kidato cha nne, mpaka kitambulisho cha NIDA, pote liwe moja. Dh huku na z kule ndo watu wanakuja kuhangaika na viapo vya mahakamani wakiwa na miaka ishirini, siku mbili kabla dirisha la mkopo wa chuo halijafungwa.

Akika ikifika niite, mbuzi wawili hao wa mtoto wa kiume siwezi kuwaacha mle wenyewe.

SWALI

Habari za huko. Mimi ni mwalimu wa PP2, yaani chekechea, huku Thika, Kenya, na gazeti lenu nalisoma kwa simu. Kuna kijana nimepata kwa rejista anaitwa Dhulkifli, mamake ni wa Lamu. Nikiita majina asubuhi nikifika kwake nakwama, watoto wanacheka, saa hii nimeamua tu kumwita Dulu. Mamake amekuja akasema hapendi hiyo kitu. Mimi ni Mkikuyu na hiyo dh nimeshindwa kabisa. Nisaidie.

Mwalimu wa Thika

JIBU

Mwalimu, karibu sana, na samahani kwa kucheka ila umeandika hujui dh ukiwa umekaa Thika. Hebu taja jina la mji wako polepole ka mtu wa kwenu, siyo ka mtangazaji wa redio. Thika. Ulimi umekwenda wapi? Kati ya meno, na sauti inatetema. Hiyo ndo dh yenyewe! Kikuyu kinaiandika kwa th lakini sauti ni hiyo hiyo ya kwetu ya dhahabu. Kila ukimwita Muthoni au Gathoni unaitoa, tena vizuri kuliko wengi wa Dar. Kinachokuchanganya ni herufi tu, kwa sababu kwenye Kiswahili th ni ya thamani na thelathini, ile ya kupuliza bila mtetemo, na ukikutana na dh macho yanakwambia ni d. Jirani yako Mjaluo yeye hata macho hayamsumbui, Odhiambo na Adhiambo anavyo nyumbani. Kwahiyo chukua ile ya Thika ibandike kwenye -ul, afu malizia kifli kwa haraka na sauti ipande kwenye KI.

Mbele ya darasa usilifanye somo la huyo mtoto mmoja, atazidi kuona aibu. Fanya siku ya majina, kila mtoto jina lake linapigiwa makofi kwa silabi, Wanjiku makofi matatu, Dhulkifli nae matatu, wanaona kumbe ni urefu ule ule. Watoto wa miaka mitano wanashika sauti kwa wiki moja, we ndo utabaki nyuma. Dulu uliache, na mama mtoto mtumie ujumbe mfupi umwambie umejifunza, watu wa Lamu wanapenda adabu hiyo, unaweza kuletewa hata mahamri.

SWALI

Anti mi niko Kigoma, marehemu babu alitoka Kasongo kule Congo. Jina langu ni Ramazani, kwenye cheti, kwenye NIDA, kote. Kazini wananiambia limekosewa linatakiwa Ramadhani, kuna mmoja ananisahihisha kila siku mbele za watu. Nibadilishe?

Ramazani, Kigoma

JIBU

Usibadilishe, na huyo mwenzio muulize kama na aliyekuwa waziri Congo naye atamsahihisha, Emmanuel Ramazani Shadary, aliyegombea urais wa Congo mwezi Desemba 2018, mtu wa Maniema huko huko alikotoka babu yako. Na tazama jina lake la kwanza, Emmanuel, yaani huko Ramazani limekaa mpaka likavuka msikiti likawa jina la kila mtu. Lilipita na misafara ya karne ya 19, kutoka pwani likapanda Tabora, likavuka Ujiji kwenu hapo, likaenda kutulia Kasongo, na midomo ya huko ikaigeuza dh kuwa z, afu Wabelgiji na vitabu vyao vya Kifaransa wakaliandika walivolisikia. Hakuna aliyekosea. Zipo sehemu ambapo z na dh lazima uzitofautishe, dhana na zana siyo kitu kimoja na fundi ukimwomba dhana atakushangaa, lakini jina la mtu haliendi kwa kamusi, linaenda kwa cheti.

Cha kuangalia ni wanao. Wakiandikishwa shule hakikisha jina lao la katikati ni Ramazani hivo hivo lilivyo kwako, maana kuna makarani wenye bidii wanasahihisha kimya kimya bila kukuuliza, mtoto anatoka na baba Ramadhani na we baba unaitwa Ramazani, na hapo ndo safari za ofisi kwa ofisi zinapoanza.